Kinachoshika na Kinachoachia: Shajara ya Fundi wa Nira, Nyamuswa

Jumatatu

Mvua ilinyesha usiku na udongo umekubali plau. Tuliingia shamba la jirani kabla jua halijatoka, mawingu yakiwa bado yamelalia mlima Chamuriho. Maksai walikuwa wawili, mweusi kulia na mwenye mabaka kushoto. Mjukuu wa jirani, mtoto wa darasa la sita ambaye shule yao imefungwa, aliongoza mbele. Jirani alishika plau. Mimi niliitwa kuitazama nira, kwa kuwa ilikuwa imeanza kumchubua mweusi shingoni.

Hatukwenda mbali. Mwenye mabaka alitumbukiza mguu kwenye shimo la muhanga, akapiga magoti, kisha akalala ubavu. Nira ilimfuata chini na upande wa pili ikamkunja mweusi shingo mpaka pua ikagusa udongo. Kamba ya katani iliyopita chini ya koo ilikuwa imelowa, na kila ng'ombe alipojitupa fundo lilizidi kukaza. Jirani alilivuta kwa kucha, halafu kwa meno. Ulimi wa ng'ombe ulikuwa nje.

Nilikimbilia mnyororo nikauchomoa kwenye nira, plau ikabaki nyuma peke yake. Uzito ulipopungua kamba ililegea kiasi cha kupitisha panga kati yake na kijiti cha nira, mbali na koo. Ikakatika. Maksai alikohoa, akahema kwa muda, akasimama. Hasara ni kamba, kijiti kimoja cha nira kilichovunjika, na asubuhi nzima ya kazi.

Mtoto alikuwa amesimama karibu na shingo ya ng'ombe kuliko sisi sote, mikono mitupu.

"Babu," akaniuliza tulipokuwa tunarudi, "mimi ningevuta wapi?"

Nimeliandika swali lake kwa sababu ndilo swali la kazi yangu. Kila kitu ninachotengeneza dukani, iwe nira, hatamu ya punda au mkanda wa mzigo, kina kazi mbili. Kishike wakati wa kazi, na kiachie wakati wa hatari. Wateja huniuliza juu ya ile ya kwanza peke yake.

Jumanne

Kijana wa bodaboda alimletea mama muuza unga gunia la muhogo mkavu. Alikuwa amelifunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, yenye kulabu za waya kwenye ncha. Alipoinama kufungua, kulabu lilichomoka kwenye fremu na kumpiga juu ya nyusi. Damu ilitoka kidogo. Jicho limesalimika kwa upana wa kidole.

Tulimwosha kwa maji na sabuni, nikamfunga kitambaa safi, kisha tukaukagua mzigo pamoja. Mpira uliovutwa umeweka ndani yake nguvu yote ya mkono uliouvuta. Haijalishi mzigo umesafiri kutoka Bunda mjini au umetoka nyumba ya pili: nguvu hiyo inamngoja atakayefungua. Kwa hiyo asimame ubavuni, asielekee kwenye mstari wa mpira. Uso augeuze kando. Mkono mmoja ushike mpira karibu kabisa na kulabu, uurudishe taratibu mpaka ulegee, ndipo kulabu litolewe. Waya ulio wazi utupwe. Mahali pake pakae kitanzi kilichoshonwa.

Mama muuza unga aliongeza la kwake. Aliwahi kupanda bodaboda na pindo la kitenge likamezwa na mnyororo. Dereva alizima injini papo hapo. Watu walipotaka kumvuta mama atoke, dereva alikataa, akalirudisha gurudumu kinyumenyume kwa mkono, na kitenge kikatoka kwa njia ile ile kiliyoingilia. Naona yule dereva aliijua kazi yake. Kuvuta kungemwangusha mama na pikipiki pamoja.

Nilimshonea kijana vitanzi viwili vya ngozi. Ncha za mipira zilizokuwa zikining'inia tulizikunja ndani, maana zikifika kwenye spoku gurudumu hujifunga lenyewe barabarani.

Jumatano

Mama mmoja mtu mzima alishushwa na pikipiki mbele ya duka, kofia ngumu kichwani, na kofia ikakataa kutoka. Kifungo chake ni kile cha plastiki cha kubana pande mbili. Vumbi la barabara lilikuwa limeingia ndani, na upande mmoja ulibonyea wakati wa pili umeganda. Dereva alivuta mkanda, ukazidi kumbana mama kidevuni.

"Shikamoo mama. Naomba ukae hapa kwenye benchi," nikamwambia.

"Marahaba baba. Usiikate lakini, ni ya watu."

Nilimwomba dereva auachie mkanda. Kifungo cha namna ile kinafunguka kikiwa kimelegezwa. Kikivutwa, meno yake yanashikana zaidi. Nilisukuma pande mbili za mkanda zikutane, nikamimina maji ya kikombe kimoja kuondoa vumbi, nikabonyeza upande ulioganda kwa ncha ya sindano ya kushonea ngozi. Kikafunguka. Mama alikaa muda akijisugua kidevu, akanywa chai, akaendelea na safari.

Ipo kofia yenye kifungo cha pete mbili, mkanda ukipita katikati ya pete na kurudi. Hiyo hushika vizuri, haigandishwi na vumbi, na hufunguliwa kwa kuvuta kikanda kidogo chekundu kilichoshonwa kwenye pete ya juu. Watu wengi hukikata wakidhani ni uzi uliozidi. Nimemwomba dereva yule awaambie wenzake wasikikate.

Jambo la pili nililomwambia ni zito zaidi. Mtu akianguka na pikipiki, asivuliwe kofia haraka haraka na wapita njia. Shingo inaweza kuwa imeumia. Kama anapumua na anaongea, aachwe nayo, kichwa kishikwe kisigeuke, mpaka wafike wanaojua. Kama hapumui, watu wawili waifanye kazi: mmoja ashike shingo na taya bila kulegeza, mwingine afungue mkanda na kuitoa kofia kwa mstari ulionyooka. Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Aliniomba nirudie ile ya watu wawili, nikarudia.

Alhamisi

Mbuzi wa mama mkwe wangu alijizungusha kwenye mpera mpaka kamba ikaisha. Tulimkuta amesimama kwa miguu ya nyuma, macho yametoka. Alikuwa amefungwa kwa kitanzi cha kuteleza, kile ambacho mbuzi akivuta kinambana, na akiendelea kuvuta kinamnyonga. Binti yangu alimnyanyua kifuani ili kamba ilegee, nami nikafungua.

Mama mkwe alisikitika sana. Hana kosa, kamba ilifungwa na kijana wa kuchunga ambaye ni mgeni. Nilimwita kijana, nikamwonyesha mafundo mawili. Shingoni lifungwe fundo lisiloteleza, kitanzi kikubwa kiasi cha ngumi kupita, kibaki na ukubwa ule ule hata mbuzi akivuta kutwa nzima. Kwenye mti au kigingi lifungwe fundo la kuvuta, ambalo ncha yake moja ikivutwa lote linafumuka. Shingoni lisiloteleza, mtini la kufumuka. Akibadilisha mahali, mbuzi ananyongeka shingoni na hafunguki mtini.

Kijana alifunga na kufungua mpaka vidole vikazoea. Kisha nikamwambia afumbe macho arudie, kwa sababu mbuzi hunyongeka usiku pia. Mwanzoni alishindwa, baadaye akaweza.

Mbuzi alianza kula majani ya mpera kabla hatujaondoka.

Ijumaa

Shemeji amefika kutoka Kisorya na dagaa. Ana mchubuko mrefu mkononi na hakutaka kuueleza mbele ya dada yake. Alinieleza mimi dukani.

Mashine ya mtumbwi wao ina kamba nyekundu iliyojikunja, ncha moja imeshika kitufe cha kuzimia, ncha ya pili hufungwa kwenye kifundo cha mkono cha nahodha. Nahodha akianguka majini, kamba inachomoa kitufe na mashine inazima. Nahodha wao huona kamba inamsumbua anapogeuka kuvuta wavu, kwa hiyo ameifunga kwenye tangi la mafuta. Juzi aliteleza wimbi lilipopiga, akaangukia majini, na mtumbwi ukaanza kuzunguka wenyewe ukiwa na shemeji ndani. Mashine ya nyuma isiyoshikwa hugeukia upande mmoja, ndiyo maana chombo huzunguka na kumrudia aliyeanguka, panga boi likiwa bado linazunguka. Shemeji alitambaa mpaka nyuma, akachomoa kitufe, na hapo ndipo alipochubuka.

Kamba ile ni kifungo cha ajabu, nami ninakiheshimu. Mtu amefungwa kwenye chombo kwa namna ambayo akitengana nacho, hatari inakufa. Lakini inafanya kazi ikiwa mkononi mwa nahodha tu. Kwenye tangi la mafuta ni urembo. Nilimshonea shemeji ukanda laini wa ngozi wa kuvaa mkononi, mpana, usiochuna ngozi ikilowa, na kwenye ukanda nikaweka pete ya kunasa kamba nyekundu. Kama sababu ya kuivua ni usumbufu, tuupunguze usumbufu.

Tulizungumza mpaka usiku juu ya ziwa, na mazungumzo yakafika Bukoba, kama yanavyofika siku zote. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja, ikiwa na watu 43. Walifariki 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mvuvi kijana Majaliwa Jackson alisaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia, na kwa mlango ule watu wakatoka hai. Kisha alikwenda mbele walikokuwa marubani, akafunga kamba kwenye mlango wa dharura ili mitumbwi iuvute. Kamba ilikatika, ikampiga, akapoteza fahamu, akazindukia hospitali. Baadaye aliajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Shemeji alisema kila mvuvi ziwani anaijua habari ile, na kila mmoja hujiuliza kamba ipi ingeshika. Mimi hujiuliza pia juu ya mlango. Mlango uliozama unasukumwa na maji yote yaliyo nje yake. Kifungo kinachofunguka vizuri uwanjani kwenye nchi kavu hakijathibitisha kwamba kitafunguka kikilemewa.

Jumamosi

Hapa kwetu Ikizu kuna Wasabato wengi na leo mashamba mengi yamepumzika. Jirani alikwenda kanisani. Mwenye mabaka anakula vizuri, ana uvimbe kidogo chini ya koo.

Mpwa wangu aliye Austria, anayefanya kazi katika duka la kukodisha vifaa vya michezo ya theluji, alituma ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimemsimulia kisa cha Jumatatu.

"Mjomba, shikamoo. Huku dukani swali lenu ndilo kazi yangu ya kutwa."

Alinieleza kwa utaratibu. Wanaoteleza kwa skii huvaa mbao mbili, mguu mmoja kila ubao. Buti hushikwa na kifungo chenye springi mbele na nyuma. Mtu akianguka na ubao ukaanza kumpindua mguu, springi huachia kabla mfupa haujavunjika. Nguvu ya kuachia hupimwa kwa kila mteja: uzito wake, urefu, umri, ujuzi, na urefu wa soli ya buti. Ikilegezwa mno, ubao unamtoka njiani akiwa kwenye mwendo. Ikikazwa mno, mfupa ndio unaoachia. Mmoja wa waanzilishi wa kifungo kinachoachia ni Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Oregon, Marekani, ambaye alivunjika mguu akiteleza na kukibuni mwishoni mwa miaka ya 1930.

Afrika Mashariki ina mtu wake katika mchezo huo. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kukulia Austria, aliteleza kwa bendera ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang mwaka 2018. Aliposhuka mlima ule, kilichoamua kama mguu ungeshikwa au ungeachiwa ni springi.

Kisha mpwa akaja kwenye snoubodi, ubao mmoja unaobeba miguu yote miwili. Huo hauna springi ya kuachia. Miguu hufungwa kwa mikanda miwili miwili, mmoja juu ya kifundo na mmoja juu ya vidole, yenye meno na wenzo mdogo wa kukazia. Nilimuuliza kwa nini wasiweke springi kama kwenye skii. Jibu lake lilinikalisha. Mguu mmoja ukiachiwa na wa pili ukabaki, ubao wote mrefu utaupindua ule uliobaki. Miguu miwili iliyofungwa pamoja inasaidiana. Mmoja uliobaki peke yake unavunjika. Kwa hiyo mikanda hushika mpaka mwenyewe aifungue kwa mkono.

Hatari inatokea pale mkono usipofika. Chini ya miti ya misonobari theluji haijashikana, kuna uwazi kuzunguka shina. Mtu akitumbukia humo kichwa chini, ubao unakwama juu, miguu imefungwa, theluji inamfunika usoni, na hawezi kujikunja mpaka kwenye mikanda. Ndiyo maana mpwa huwaambia wateja waende wawili wawili, kila mmoja amwone mwenzake, wavae filimbi shingoni, na wajizoeze kufungua mikanda wakiwa na glavu. Wanapopanda kiti cha kamba cha kuwapeleka mlimani, mguu wa nyuma hufunguliwa kabisa, mmoja tu ubaki ubaoni.

Nilimshukuru, nikakaa nikiitazama nira iliyovunjika. Maksai wawili chini ya mti mmoja ni miguu miwili kwenye ubao mmoja. Jumatatu, kama ningemfungua mwenye mabaka kabla ya kuondoa mnyororo, mti wa nira wenye plau nyuma yake ungembakia mweusi shingoni, ukampindua. Utaratibu ndio huu: uondolewe mzigo, afunguliwe aliyeanguka, nira ishikwe kwa mikono isimpige aliyesimama, kisha naye afunguliwe.

Jumapili

Nilichonga vishikizo. Ni vijiti vya mti mgumu mkavu, virefu kama kidole cha kati, vinavyopita kwenye tundu la ukanda wa ngozi chini ya koo. Ukanda umeshonwa upande mmoja kwenye kijiti cha nira. Upande wa pili una kitanzi, na kishikizo hukingama kwenye kitanzi. Kamba fupi nyekundu imefungwa kwenye kichwa cha kishikizo. Ukiivuta, kishikizo kinatoka na ukanda unadondoka.

Mke wangu aliuliza kama ukanda wa ngozi utaweza nguvu ya maksai. Ni swali la haki. Ng'ombe wetu wana nundu. Mti wa nira hukaa mbele ya nundu, na nguvu yote ya kuvuta plau hupita hapo, kwenye mti, mpaka kwenye mnyororo. Ukanda wa koo hauvuti kitu. Kazi yake ni kuzuia nira isinyanyuke na kuruka. Kwa hiyo hauhitaji kukazwa. Vidole vinne vilivyolala vipite kati yake na koo. Na hauhitaji kuwa na nguvu ya mnyororo. Ukanda usiokatika kamwe, kwenye koo la kiumbe anayepumua, ni hatari iliyoshonwa vizuri.

Mwalimu Nyerere, ambaye kwao Butiama si mbali na hapa, mwishoni mwa miaka ya 1960 aliwahimiza wakulima watoke kwenye jembe la mkono waende kwenye plau ya ng'ombe, wasingoje trekta. Mkoani Mara, mpaka leo familia nyingi hula kwa shingo za maksai. Ni haki shingo hizo zitunzwe na fundi kama mikono inavyotunzwa.

Jumatatu

Mvua ilinyesha mfululizo na vishikizo vikavimba. Mti mkavu ukinywa maji hunenepa, na tundu la ngozi iliyolowa hubana. Jirani alivuta kamba nyekundu mpaka ikakatika na kishikizo kikabaki kimetulia mahali pake. Maksai alikuwa amesimama tu kwa majaribio, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Nilivichonga upya viwe vyembamba kuelekea ncha, ili kikisogea kidogo tu kiwe kimekwisha kulegea. Nikavipaka mafuta ya ng'ombe na kuvikausha juu ya moshi. Matundu niliyapanua, na kamba nyekundu nikaipitisha ndani ya kishikizo na kuifunga fundo upande wa pili. Nikaloweka vyote kwenye ndoo mpaka jioni, kisha nikavivuta kwa vidole viwili vyenye matope. Vimetoka.

Jumanne

Vijana walimleta mchungaji aliyeumwa na nyoka mguuni. Nyoka hawakumwona vizuri. Walikuwa wamemfunga mpira wa tyubu chini ya goti, umekaza mpaka mguu umekuwa wa zambarau, na walikuja dukani kwa sababu nina visu.

"Fundi, kata huu mpira, umeshindikana."

Sikuukata. Shirika la Afya Duniani linashauri aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba ya kubana, kwa sababu huua nyama ya mguu. Lakini mpira ukishafungwa, kuuachia ghafla njiani kunaweza kuipeleka mwilini kwa mara moja sumu iliyokuwa imezuiwa. Unafunguliwa mbele ya mganga, dawa na vifaa vikiwa tayari. Nilichofanya ni kumlaza, kumwekea mbao mbili kando ya mguu na kuzifunga kwa kitambaa bila kubana ili asiutikise, na kumpandisha kwenye gari la kwanza lililopita kwenda kituo cha afya. Niliwaambia waseme mlangoni saa waliyofunga mpira.

Jioni habari ilikuja kwamba mpira umefunguliwa huko kwa uangalizi na mguu umerudi rangi yake. Anaendelea kutazamwa.

Nimelifikiria jambo hili sana. Mimi ni mtu wa kuachia, na leo kazi yangu ilikuwa kuwazuia watu wasiachie. Zote mbili zinataka kujua nini kimeshikwa na kamba, na kitakwenda wapi kikiachiwa.

Jumatano

Tuliita majirani wenye maksai uwanjani nyuma ya duka. Kila mmoja alikuja na nira yake. Hatukumwangusha ng'ombe. Tulifunga nira kwenye kigogo, watu wawili wakaning'inia kwenye mti wake ili uzito ukae juu ya kamba ya koo, na mwenye nira akaambiwa afungue kwa mkono mmoja.

Kamba za katani zilizolowa hazikufunguka. Kamba za plastiki zilifunguka kwa shida, zikiwa zimekwisha kuchana vidole. Mnyororo mwembamba uliofungwa kwa waya haukufunguka kabisa, na mwenyewe alisema ameutumia tangu msimu uliopita. Mikanda ya ngozi yenye kishikizo ilifunguka. Mmoja ulichelewa kwa sababu kishikizo kilikuwa kimewekwa nyuma, upande wa mwenzake wa nira, ambako mkono haufiki ng'ombe wakiwa wamebanana. Tumekubaliana kishikizo kikae upande wa nje siku zote, kushoto kwa wa kushoto na kulia kwa wa kulia.

Mzee mmoja alisema marehemu baba yake alitumia ngozi na kijiti, na yeye aliviacha wakati kamba zilipoanza kuuzwa madukani kwa bei ndogo. Wengine wakakubali kwamba nao wameviona zamani.

Alhamisi

Tulirudi shamba la jirani. Shimo la muhanga limefukiwa na kuwekewa alama ya miti. Kabla ya kulima, mtoto aliitwa mbele ya maksai. Nilimshikia nira ielemee upande mmoja, nikahesabu kwa sauti. Alivuta kamba nyekundu ya kushoto kwa mkono wake wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa bado umeshika hatamu. Ukanda ulidondoka. Akazunguka akaufungua wa kulia. Kisha akaonyeshwa kulabu la mnyororo, ambalo ndilo la kwanza, na kwa nini ni la kwanza. Aliweza kulieleza kwa babu yake bila kusaidiwa.

Shamba limelimwa mpaka mpaka wa mashariki. Mweusi hana mchubuko mpya.

Nimebandika karatasi mlangoni mwa duka. Inasema nira haitatoka hapa kabla mnunuzi hajaifungua mbele yangu ikiwa imelemewa, kwa mkono mmoja, mikono ikiwa na matope. Kama ng'ombe wake huongozwa na mtoto, mtoto aje naye. Mafunzo hayana malipo, na anayetaka kuleta nira aliyoinunua kwingine alete tuijaribu. Kila timu ya kulima ibebe kisu kikali chenye ala, kiwe kiunoni mwa mtu, kisiachwe kwenye mfuko chini ya mti.

Wameshaleta nira kutoka upande wa Butiama. Mbili kati yake zimefungwa kwa waya. Kesho nitaanza na hizo.